Kipandauso kinapogoma dawa: mambo ya kuandaa kabla ya kukimbilia hospitali

Kipandauso kikivuka saa 72, au ukitapika kila unachomeza, usiendelee kuongeza vidonge. Tumbo linakuwa limezubaa, dawa inakaa humo bila kuingia kwenye damu. Kinachobaki ni sindano na dripu, na maandalizi yake yafanywe kichwa kikiwa kimetulia.

Cha kwanza ni karatasi. Andika kila dawa uliyomeza, miligramu na saa. Daktari wa zamu anaihitaji kweli: aliyemeza diklofenaki asubuhi hachomwi ketorolaki mchana, maana ni dawa za ukoo mmoja na zikirundikana huumiza figo na tumbo, na aliyetumia sumatriptani hapewi ergotamini (zote ni dawa za kipandauso) kabla ya saa 24 kupita. Andika pia kama una vidonda vya tumbo, presha, ugonjwa wa moyo au figo, au ujauzito. Hesabu pia siku unazomeza dawa kila mwezi. Parasetamoli siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, yenyewe huleta maumivu ya kichwa.

Hospitalini, dawa inayotangulia mara nyingi ni metoklopramidi, miligramu 10 kwenye mshipa. Wengi huijua kwa kuzuia kutapika, lakini hutuliza na kichwa chenyewe. Msindikizaji aombe iingizwe taratibu, kama dakika 15. Ikisukumwa kwa haraka, mgonjwa anaweza kushikwa na mahangaiko: anageuka huku na huku, miguu haitulii, anataka kung'oa kanula (mrija mdogo wa dripu mkononi) aondoke. Mwiteni muuguzi, ni dawa imefanya hivyo, na hali hiyo ina tiba. Deksamethasoni, dawa ya steroidi, haiondoi maumivu papo hapo, bali hupunguza uwezekano wa kichwa kurudi siku zinazofuata. Maji ya dripu ni ya aliyepungukiwa maji mwilini. Pethidini na tramadoli, dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, msizing'ang'anie: zinalewesha, na maumivu hurudi upesi.

Walioko visiwa vya Ziwa Victoria kama Ukerewe, Ukara au Kome wapange saa ya uamuzi kwa kufuata ratiba ya kivuko. Ulizeni mapema kama kituo cha afya cha karibu kina sindano hizi. Kikiwa nazo, hakuna haja ya kumvusha mtu ziwa huku anatapika. Karatasi na kadi ya bima vikae kwa msindikizaji, kwani mgonjwa huenda asiweze hata kujieleza.

Lakini maumivu ya kichwa yaliyolipuka ghafla yakafika kileleni ndani ya dakika moja, homa na shingo ngumu, upande mmoja kulegea, degedege, au maumivu mapya ya kichwa kwa mjamzito, aliyejifungua karibuni au anayeishi na VVU: hapo usisubiri chochote, nenda hospitali. Kanda ya Ziwa tumezoea kupima malaria kwanza, na ni sawa, ila kipimo chanya hakifuti shingo ngumu. Homa ya uti wa mgongo inaweza kuwepo pamoja nayo.

Kabla ya kuruhusiwa, omba dawa aliyochomwa mgonjwa na saa yake viandikwe kwenye karatasi ileile. Dawa hizi huleta usingizi, kwa hiyo mgonjwa asiendeshe pikipiki kurudi nyumbani.