Soma sampuli tupu kwanza: namna ya kujifunza vinasaba vya jinai maabara

Wanafunzi wakianza kosi ya vinasaba vya uchunguzi wa jinai huwa na hamu ya mashine. Wanataka kuona vilele vya rangi vikichomoza kwenye skrini siku hiyohiyo. Mimi ni mkufunzi wa meza za maabara, na siku ya kwanza nawapa daftari lenye kurasa za namba na kalamu isiyofutika. Mashine itafanya kazi yake. Kesi huharibikia kabla sampuli haijaifikia, au baada ya hapo, mtu anapoona kile alichokwisha kukitamani.

Kabla hujagusa chochote, jua mpaka ulipo. Upande mmoja ni wa kazi za kabla ya PCR (njia ya kunakili vinasaba mara nyingi), mwingine ni wa baada yake, na hakuna glovu, pipeti wala kalamu inayorudi nyuma. Sababu yake ni hesabu tu: kila mzunguko huongeza nakala maradufu, kwa hiyo mizunguko 28 kinadharia hutoa zaidi ya nakala milioni 268 kutoka kwenye moja. Ukifungua mrija wenye nakala hizo kwenye meza ya uchimbaji, yaani ya kutoa vinasaba kwenye seli, tone lisiloonekana kwa macho linatosha kuharibu kazi ya darasa zima.

Sampuli rahisi ya kujifunzia ni seli za ndani ya shavu, zinazochukuliwa kwa kijiti cha pamba. Iandike kwa namba, si kwa jina. Na tafadhali usilete sampuli za ndugu zako ili "tuone tunavyofanana". Vipimo hivi vinaweza kufichua kwamba baba si baba, na meza ya maabara si mahali pa kupokelea habari hiyo. Mimi huwa napendelea sampuli zilizoandaliwa na maabara yenyewe, japo wanafunzi hulalamika kwamba hazina msisimko.

Kwenye uchimbaji, vyuo vingi hutumia Chelex ya asilimia 5. Ni chembechembe nyeupe zinazotuama chini mara tu unapoacha kuzikoroga, na hapo ndipo watu hukosea: anayechota juu huchota maji matupu. Koroga huku unachota, tena kwa ncha pana. Chemsha mrija kwa dakika 8, uzungushe kwenye sentrifuji, kisha chukua maji ya juu bila kugusa zile chembe. Zikiingia kwenye PCR zitanasa magnesiamu, na polimerasi, kimeng'enya kinachonakili vinasaba, haifanyi kazi bila magnesiamu. Utapata skrini tupu na utailaumu mashine bure.

Pamoja na sampuli zako, chimba mrija mmoja usio na sampuli yoyote. Utie dawa zilezile, uchemshe vilevile, uupeleke hadi mwisho wa safari. Huo ndio shahidi wako.

Pima kiasi kabla ya kuendelea. Vifaa vingi vya jenotaipu (mpangilio wa vinasaba unaomtambulisha mtu) hupenda kati ya nanogramu 0.5 na 1 za vinasaba. Nanogramu moja ni takriban seli 150, kwa hiyo ukishuka sana unaanza kucheza bahati nasibu: aleli moja (umbo la kipande cha vinasaba, moja kutoka kwa kila mzazi) hupotea, na mtu mwenye aleli mbili huonekana ana moja. Ukizidisha, vilele hufurika na rangi moja kuvuja kwenye nyingine. PCR yenyewe sina mengi ya kuisema: fuata maelekezo ya kifaa, na kila unapochota mikrolita moja itazame ncha ya pipeti kwa macho yako.

Sasa kusoma. Anza na mrija mtupu wa uchimbaji, kisha mrija mtupu wa PCR, wenye dawa bila vinasaba. Ukiona kilele chenye kueleweka humo, simama hapo hapo. Fuata sampuli ya jenotaipu inayojulikana, kisha ngazi ya aleli (mchanganyiko wa aleli zinazojulikana, rula yako ya kupimia), ndipo ufungue sampuli yako. Anayekimbilia sampuli kwanza hutafuta visingizio vya uchafu anaouona baadaye.

Chukua eneo la TH01, mahali kwenye vinasaba panapojirudia kipande kifupi. Kipande hicho kina besi (herufi za vinasaba) nne, lakini kuna aleli maarufu inayoitwa 9.3: marudio tisa na besi tatu. Iko besi moja tu kutoka aleli ya 10. Ngazi ikiwa imesogea na wewe hukuikagua, umemwandikia mtu jenotaipu isiyo yake. Angalia pia kilele kidogo kinachotangulia kilele kikubwa kwa rudio moja. Mara nyingi ni polimerasi iliyoteleza wakati wa kunakili, si mtu wa pili. Ukiona aleli tatu au nne kwenye maeneo kadhaa, hapo ndipo ufikirie mchanganyiko wa watu.

Unywele usio na mzizi hauna vinasaba vya kiini vya kutosha kwa njia hiyo ya kawaida, kwa hiyo utasoma mfuatano wa vinasaba vya mitokondria, vilivyo nje ya kiini na tunavyorithi kwa mama. Soma pande zote mbili, kisha ulinganishe na mfuatano wa rejea wenye besi 16,569. Besi ya 16189 ikigeuka kuwa C, hutokea mlolongo mrefu wa C, na mbele yake usomaji huvurugika. Okoa kipande hicho kwa kusoma kutoka upande wa pili. Kumbuka kwamba ndugu wa mama mmoja kwa kawaida wana mfuatano uleule, kwa hiyo usidai umempata mtu mmoja.

Wanaoona ukali wangu kuhusu mirija mitupu umezidi, nawakumbusha Heilbronn, Ujerumani. Baada ya polisi kuuawa huko mwaka 2007, vinasaba vya mwanamke asiyejulikana vilihusishwa na matukio mengi, hadi Austria na Ufaransa. Mwaka 2009 ikabainika ni vya mfanyakazi wa kiwanda cha vijiti vya pamba. Vijiti vilikuwa vimeuliwa vijidudu, lakini vinasaba havikuondoka.

Kwenye hesabu, aleli mbili tofauti zenye masafa (kiwango cha kuonekana katika jamii) 0.1 na 0.2 hukupa 2 × 0.1 × 0.2, yaani 0.04. Zidisha majibu ya maeneo yote ya vinasaba uliyosoma. Hifadhidata ya vinasaba ya Marekani hutumia maeneo 20 ya msingi tangu 2017. Jibu linaeleza uwezekano wa mtu wa nasibu kuwa na jenotaipu hiyo. Halisemi mtuhumiwa ana hatia kiasi gani, na ukilichanganya nakukata alama bila huruma. Ripoti iseme "hawezi kuondolewa kuwa chanzo".

Na soma sampuli ya eneo la tukio, uiandike na kuitia sahihi, kabla hujafungua ya mtuhumiwa. Kisha mpe mwenzako faili ghafi, bila majibu yako, asome upya.