Fidla ya Mendelssohn, Simfonia ya Vita: Namna ya Kuzisikiliza Usiku Mmoja

Ukiona programu imeanza na konseto ya fidla (kazi ya mpiga fidla mmoja na okestra) ya mtunzi Mjerumani Mendelssohn, ikafuatiwa na Simfonia Na. 7 ya mtunzi Mrusi Shostakovich, ile ya vita iliyopewa jina la mji wa Leningrad, kata tiketi ya roshani. Ukikaa chini utamwona mpiga fidla vizuri, lakini ngoma na matarumbeta ya nyuma yatafichwa na migongo ya watu, na kwa Shostakovich hayo ndiyo ya kutazama.

Fika mapema. Mendelssohn hazungushi: okestra ikishatandika kidogo tu, fidla hiyo imeingia. Sehemu zake tatu zimeungana, kwa hiyo ya kwanza ikiisha kwa kishindo, zuia makofi. Mtafute mpiga basuni, ile zumari ndefu ya sauti nzito. Wenzake wamenyamaza, yeye peke yake kashikilia noti moja, na humo ndimo sehemu ya pili inamochipuka. Mimi noti hiyo huingojea kuliko mbwembwe zote za fidla.

Wapo wanaodai kazi hii ya 1844 ni tamu mno kuwekwa jirani na vita. Wangapi wanajua kwamba Wanazi wa Ujerumani waliupiga marufuku muziki wa Mendelssohn kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi? Mwaka 1936 waliing'oa sanamu yake mjini Leipzig, kulekule konseto ilikopigwa mara ya kwanza mwaka 1845.

Wakati wa mapumziko nenda msalani. Simfonia huzidi saa nzima.

Katikati ya sehemu ya kwanza, ngoma ndogo ya kijeshi itaanza kwa kunong'ona. Juu yake utakuja wimbo mwepesi, wa kipuuzi hata, utakaorudiwa na kurudiwa huku vyombo vikiongezeka. Acha kuhesabu. Mkazie macho mpiga ngoma: mdundo ni uleule, kinachopanda ni nguvu, mpaka ule upuuzi ugeuke kuwa tishio.

Tarehe 9 Agosti 1942, Leningrad ikiwa imezingirwa na Wajerumani, kiongozi wa okestra Karl Eliasberg aliiongoza humo simfonia hii, ikipigwa na wanamuziki waliodhoofika kwa njaa, wengine wameazimwa jeshini. Mizinga ya Kisovieti ilitangulia kuwapiga Wajerumani ili wasilivuruge onyesho. Nikijua hivyo, ile sehemu ya tatu, vyombo vya nyuzi vinapolia, siwezi kuisikiliza kivivu.

Ya tatu na ya nne nazo zimeungana. Mwishoni subiri kiongozi wa okestra ashushe mikono, kisha shangilia, na mpiga ngoma akisimamishwa peke yake, ongeza sauti.