Kuorodhesha majina ya kale ya mashamba katika parokia ya Uskoti

Jina la shamba lisilo na mwaka wala chanzo halimfikishi mtafiti popote, kwa hiyo utaratibu huu wote umejengwa juu ya hayo mawili. Mifano ni ya Tarbolton na Mauchline, parokia jirani za Ayrshire ambako mshairi Robert Burns alilima.

1. Amua mpaka. Mipaka ya parokia nyingi ilirekebishwa miaka ya 1890, hivyo shamba laweza kuwa parokia moja katika sensa ya 1881 na nyingine katika ya 1901. Mimi hushika mpaka wa ramani ya kwanza ya Ordnance Survey, shirika la serikali la upimaji ramani, ya inchi 6 kwa maili.

2. Fungua jedwali. Kila mstari ni tukio moja la jina kuandikwa, si shamba moja. Safu ni hizi: jina, mwaka, chanzo na ukurasa, maelezo, namba ya mahali. Shamba lililotajwa mara kumi lina mistari kumi na namba moja.

3. Anza na madaftari ya majina ya Ordnance Survey. Ya Ayrshire ni ya 1855–1857, nayo yaliwekwa mtandaoni kupitia mradi wa ScotlandsPlaces. Yanaonyesha tahajia mbalimbali na nani alizithibitisha. Nakili na cheo cha shahidi: mara nyingi ni mwenye ardhi, mchungaji au mwalimu. Kibarua aliyelitamka jina hilo kutwa hakupewa uzito huo.

4. Rudi nyuma. Ramani ya kijeshi ya William Roy (1747–1755), kisha atlasi ya Blaeu (1654); zote zimo kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Uskoti. Ongeza kodi ya farasi wa mashambani ya 1797–1798 na vitabu vya ubatizo, ambavyo mara nyingi hutaja shamba la baba.

5. Usisahihishe hata herufi moja. Shamba la akina Burns huko Tarbolton (1777–1784) utalikuta Lochlea na pia Lochlie; weka yote mawili. Katika hati za Kiskoti, z mara nyingi imesimama badala ya herufi ya kale iliyokaribia sauti ya y. Ndiyo maana z ya Culzean, kasri la pwani ya Ayrshire, haitamkwi. Quh ni wh. U, v na w hubadilishana. Ukiona majina mawili ni shamba moja, andika uamuzi huo kwenye maelezo, safu ya jina iache ilivyo.

6. Tenganisha mtu na mahali. Mkulima aliitwa kwa shamba lake. Burns alipohamia Mossgiel, Mauchline, mwaka 1784, alijiita Rob Mossgiel. High na Low (Juu na Chini), au Easter na Wester (Mashariki na Magharibi), mara nyingi ni shamba moja la kale lililogawanywa. Hata hivyo kila sehemu ipewe namba yake.

7. Waulize wakulima wazee majina ya makonde. Ramani nyingi hazinayo. Rekodi sauti kwanza, mkiwa mmesimama kondeni penyewe, kisha andika rejea ya gridi ya ramani na mwaka wa mazungumzo. Shamba lililotoweka usiliache nje: liandike, na kwenye maelezo weka "mahali hapajulikani".