Taifa litoke au libaki? Namna ya kuendesha mdahalo huu Lubumbashi

Ukitaka vijana wa Lubumbashi wajadili kama taifa linaweza kutoka ndani ya muungano mkubwa, usianze na Katanga, eneo letu hili la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo lililojaribu kujitenga mwaka 1960. Mimi ni mwalimu wa historia, na Jumamosi mchana vijana wa Kenya, komini (wilaya) ya mji wetu huu, hukusanyika katika ukumbi wa parokia kwa midahalo. Najua wanaoketi mbele yangu. Yuko mjukuu wa jandarme, yaani askari, wa Moïse Tshombe aliyeongoza Katanga ijitenge, na benchi hilo hilo yuko mjukuu wa Muluba (mtu wa kabila la Baluba) aliyekimbilia kambini mwaka 1961 kwa kuwaogopa majandarme hao. Wapo pia wenye asili ya Kasai, eneo jirani, ambao wazazi wao waliona watu wa kwao wakifukuzwa humu mwaka 1992 na 1993. Ukitaja Katanga dakika ya kwanza, kila mtu atamtetea marehemu wake na hoja hazitasikika.

Anza mbali. Mimi huanza na Uskoti.

Uskoti na England ziliunganishwa mwaka 1707 kwa sheria za mabunge yao mawili; leo zote mbili ni sehemu za Uingereza. Tarehe 18 Septemba 2014 wakazi wa Uskoti waliulizwa swali moja: Je, Uskoti iwe nchi huru? Asilimia 55.3 walisema hapana, 44.7 walisema ndiyo. Kati ya waliojiandikisha walipiga kura asilimia 84.6, wakiwemo vijana wa miaka 16. Hakuna aliyebeba bunduki, na waliokuwa wakibishana jioni walirudi kazini asubuhi. Kwa vijana wetu hilo peke yake ni habari kubwa. Waache walikae nalo kidogo kabla hujaendelea.

Kabla watu hawajafika, andika swali ubaoni. Liwe fupi, lijibike kwa ndiyo au hapana. Chini yake andika mambo mawili ambayo waandaaji wengi huyasahau: nani anapiga kura, na ushindi ni kiasi gani. Mwaka 1979 Waskoti waliulizwa kama wanataka bunge lao wenyewe. Asilimia 51.6 ya waliopiga kura walikubali, lakini sheria ilitaka ndiyo zifike asilimia 40 ya watu wote walioandikishwa, nazo hazikufika. Bunge halikupatikana. Iliwabidi wangoje hadi kura ya 1997, ambapo asilimia 74.3 walikubali, na bunge likafunguliwa 1999. Kanuni ya kuhesabu iliamua karibu miaka ishirini ya siasa.

Na hilo la nani anapiga kura lina uzito kuliko linavyoonekana. Mwaka 2014 walipiga kura wanaoishi Uskoti, hata kama walizaliwa England au Poland. Mskoti aliyehamia London hakupiga. Uliza ukumbini: je, hapa kwetu angehesabiwa nani, mkazi au mzaliwa? Utasikia kimya. Usikijaze kwa maneno yako. Swali hilo litarudi.

Kisha gawa pande kwa kura ya karatasi, mtu asichague. Ila ukimjua mwenye msimamo mkali, mpange upande asioupenda. Kijana mmoja wa Katuba, komini nyingine ya hapa, mtoto wa mchimbaji, alikuja akiwa tayari kutetea kutoka. Nikampa kubaki. Alinuna, akaniambia, “Mama, hapo umenionea.” Lakini ndiye aliyeuliza vizuri swali la sarafu kuliko wote, kwa sababu ilimbidi atafute pale ambapo imani yake mwenyewe ilikuwa dhaifu. Kataza pia mfano wa ndoa na talaka. Kila mtu anaukimbilia, na ukishatamkwa watu huanza kuhukumu mume na mke, wakaacha kodi, mipaka na deni la taifa.

Sasa hoja zenyewe. Waongoze kwenye mambo manne: sauti, mali, sarafu, mpaka.

Kuhusu sauti, upande wa kutoka una nguvu, na mimi binafsi naona hapa ndipo Waskoti wa ndiyo walikuwa na hoja yao bora. Tangu 1979 hadi 1997 Uingereza ilitawaliwa na chama cha Wahafidhina, huku Waskoti wengi wakichagua chama cha Leba. Mwaka 1989 kodi ya kichwa ilianza kutozwa Uskoti, mwaka mmoja kabla ya England na Wales. (Wazee wetu wanaokumbuka kodi ya kichwa ya Wabelgiji hutikisa vichwa hapo.) Katika uchaguzi wa 1997 Wahafidhina hawakupata hata mbunge mmoja Uskoti. Upande wa kubaki ujibu kwa mambo halisi pia: tangu 1999 Waskoti wanajiamulia shule na hospitali, na Gordon Brown, Mskoti, alikuwa waziri mkuu wa Uingereza nzima kuanzia 2007 hadi 2010.

Kwenye mali ukumbi wetu huamka. Mafuta ya Bahari ya Kaskazini yalipopatikana, SNP, chama kinachotaka Uskoti huru, kilijenga kampeni ya miaka ya 1970 juu ya dai kwamba mafuta ni ya Uskoti. Hakuna mtoto wa Lubumbashi anayehitaji kufafanuliwa hilo. Anaona malori ya shaba na kobalti yakielekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na amesikia nyumbani malalamiko ya asilimia 40, ile sehemu ya mapato ambayo kifungu cha 175 cha Katiba yetu kinaipa jimbo. Wape muda mrefu hapa. Waseme uchungu wao wote, maana ni hoja ya kweli: anayeishi na vumbi la mgodi ana haki ya kuuliza fedha zinakwenda wapi.

Halafu mpe nafasi anayepinga. Katikati ya 2014 pipa la mafuta lilikuwa zaidi ya dola 100. Januari 2015, miezi minne tu baada ya kura, lilikuwa chini ya 50. Bajeti ya nchi changa iliyotegemea bei ile ingepasuka mwaka wa kwanza. Nasi tuna ushahidi wetu. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000. Shaba ilikuwa bado ardhini. Mishahara haikuwepo. Kwa hiyo mlazimishe kila anayesema “tuna mali” aseme ni nani atakayeichimba, kwa mtaji wa nani, na bei ikianguka mwalimu atalipwa na nini.

Sarafu huwachosha vijana, lakini usiiruke. Februari 2014 waziri wa fedha wa Uingereza, George Osborne, alitangaza kwamba Uskoti huru haitagawana pauni na wengine. Upande wa ndiyo haukupata jibu lililowatuliza watu, na naamini hapo ndipo walipoteza wengi. Mfano mzuri wa kuweka kando yake ni Chekoslovakia. Iligawanyika kwa amani Januari 1, 1993, mali ikagawanywa mbili kwa moja kufuatana na idadi ya watu, na ikakubaliwa sarafu iendelee kuwa moja. Haikumaliza wiki sita. Tarehe 8 Februari kila nchi ilikuwa na yake.

Mpaka ni rahisi kueleza kwa mtu aliyewahi kungoja Kasumbalesa. Karibu asilimia 60 ya bidhaa na huduma ambazo Uskoti huuza nje ya mipaka yake zilikuwa zikienda sehemu nyingine za Uingereza, ambako hakuna forodha njiani. Mwaka 2014 upande wa kubaki ulisema pia kwamba njia salama ya kukaa Umoja wa Ulaya ni kubaki Uingereza. Miaka miwili baadaye, Juni 23, 2016, asilimia 51.9 ya wapiga kura wa Uingereza walichagua kutoka Umoja wa Ulaya, wakati asilimia 62 ya Waskoti walitaka kubaki. Wenye kutoka wakapata hoja mpya, na papo hapo wakapata tatizo jipya: Uskoti huru ikijiunga na Umoja wa Ulaya, forodha itakuwa kati yake na England, mteja wake mkubwa. Wafundishe vijana kuandika tarehe kando ya kila hoja.

Baada ya hapo, uliza kila upande kuhusu asubuhi ya siku ya pili. Mimi hutumia Sudan Kusini. Januari 2011 asilimia 98.83 walichagua kujitenga, na baada ya nusu karne ya vita ni nani angewalaumu? Nchi ikazaliwa Julai 9. Lakini mafuta yao yalipitia mabomba ya Sudan hadi Port Sudan, na Januari 2012 ugomvi wa ada ya kupitisha uliwafanya wafunge visima wenyewe. Desemba 2013 wakaanza kupigana wao kwa wao. Sisi pia tuko mbali na bahari. Uliza shaba ingepita kwa nani.

Hapo ndipo unaweza kufungua Katanga, tena kikao kingine. Mwalike mzee aliyeona, lakini mwambie mapema kwamba anakuja kutoa ushuhuda, hukumu ni ya vijana. Pitia mambo yale yale manne. Sauti: Tshombe alitangaza kujitenga Julai 11, 1960 bila kuuliza watu kwa kura, na Baluba wa kaskazini chini ya Jason Sendwe walikataa. Mali: Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyochimba shaba, ililipa kodi Elisabethville (Lubumbashi ya leo) badala ya Léopoldville (Kinshasa). Sarafu: noti za Katanga zilichapwa, lakini hakuna nchi iliyoitambua Katanga yenyewe kuwa taifa. Mpaka: majeshi ya Umoja wa Mataifa yalimaliza jambo Januari 1963. Kisha someni pamoja kifungu cha 214 cha Katiba: hakuna ardhi inayotolewa bila wananchi wa Kongo kuulizwa na kukubali kwa kura ya maoni. Mimi ni mtu wa kubaki, na huwaambia hivyo, ila baada ya wao kumaliza kusema.

Walimu wenzangu wa Goma na Bukavu, miji iliyotwaliwa na waasi wa M23 Januari na Februari 2025, nawasihi msifanye kikao hiki cha pili hadharani. Hoja haiwezi kupimwa mahali ambapo jibu moja linamhatarisha aliyelitoa. Uskoti peke yake itawatosha kwa sasa.

Mwisho, pigeni kura mbili za siri, moja kabla ya kuanza na moja baada ya kumaliza, kwa karatasi zile zile zenye alama aliyojiwekea kila mtu. Usishughulike na upande ulioshinda. Waombe waliobadilika, wakipenda, wasimame na kutaja hoja moja tu iliyowasogeza, kisha aliyeitoa aulizwe aliipata wapi.