Gari Ikichemsha Mlimani, Usianze na Hedi

Kabla hujamruhusu fundi yeyote afungue hedi (kichwa cha injini), jibu swali moja: gari yako inachemsha wapi? Ukiileta gereji kwangu hapa Uyole, Mbeya, hilo nitakuuliza kabla sijagusa boneti. Ukinijibu "inachemsha tu, fundi", nitakurudisha barabarani ukaiangalie vizuri, maana jibu lina pesa yako ndani.

Kama inachemsha kwenye foleni ya Mwanjelwa, halafu ukishika lami na kupata upepo joto linashuka, hiyo ni feni. Kama mjini haina neno lakini ukipanda barabara ya Chunya au ukitoka huku Uyole kwenda Isyonje na mzigo sindano ya joto inapanda, mtuhumiwa ni rejeta, kile kipozea maji cha mbele ya injini. Na kama inachemsha popote, tena kila asubuhi lazima uongeze maji, basi maji yana pa kutokea: kuna uvujaji, au injini inayala. Hapo umeshapunguza nusu ya kazi na hujatoa hata mia.

Nasema zaidi habari za Toyota Hilux Surf na Prado za miaka ya 1990 zenye injini ya 1KZ-TE, ile dizeli ya lita 3.0 yenye turbo, kwa sababu ndizo ninazoletewa sana. Bloku yake (mwili wa injini) ni chuma, hedi ni aluminiamu. Vikipata joto havitanuki sawasawa, na hedi ya 1KZ ikizidiwa hupasuka katikati ya valvu. Ndiyo maana gari hizi haziendeshwi "nifike tu hapo mbele". Mwenye 2L-TE, ile dizeli ya lita 2.4 yenye turbo, ajihadhari vivyo hivyo.

Sasa twende kwenye mfuniko wa rejeta, kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mfumo mzima na ndicho watu wanachokidharau zaidi. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Maji ya wazi huku yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100 (maharage yetu yanajua). Themostati ya gari, ile valvu inayoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta, inafunguka kwenye nyuzi 80 na kidogo. Piga hesabu: mfuniko ukiwa umechoka, kati ya joto la kawaida la kazi na maji kuchemka umebakiwa na nyuzi kumi na kitu tu, na bado hujaanza kupanda. Mfuniko mzima unaoshika presha ya baa 0.9 unayabana maji yale yale yasichemke mpaka karibu nyuzi 115. Gari iliyokuwa inavumilia Dar na mfuniko mbovu ikiletwa huku inaanza kutapika maji, mwenyewe anasema ameuziwa gari bovu.

Ukague injini ikiwa baridi kabisa. Ugeuze uangalie raba ya chini: ikiwa ngumu, ina nyufa au ina mduara uliodidimia, tupa. Bonyeza springi kwa kidole gumba, isikae legelege. Katikati kuna kivalvu kidogo cha shaba. Kivute kwa ukucha kisha kiachie, kinatakiwa kirudi chenyewe. Kazi yake ni kuruhusu maji yarudi kutoka kwenye chupa ya akiba injini inapopoa. Kikinata, asubuhi utakuta hozi ya juu, ule mpira mnene kati ya injini na rejeta, imebonyea, imelala bapa. Ukiiona hozi ya namna hiyo, usitafute mchawi mbali.

Mama mmoja anayeleta viazi mjini aliniletea Surf yake akiwa ameshaambiwa kwingine kwamba gasketi ya hedi (kizibo cha kati ya hedi na bloku) imeungua na atafute hela ya hedi. Nikamwamkia, nikamwomba ailaze gari hapa, tuiangalie asubuhi kabla haijawashwa. Asubuhi hozi imebonyea, raba ya mfuniko imepasuka kama kisigino cha kiangazi. "Ni hicho tu, mwanangu?" Nikamwambia sijui bado, tuweke mpya tupande nayo. Tulipanda mpaka Isyonje sindano ikakaa pale pale. Ukinunua, soma namba iliyopigwa juu, 0.9 au 1.1, ununue yenye namba ile ile. Ukiweka kali zaidi, rejeta ya zamani itaachia kwenye maungio.

Feni. Surf na Prado zina feni yenye klachi ya silikoni, ambayo inalegea injini ikiwa ya baridi na kukaza ikipata hewa ya moto kutoka kwenye rejeta. Zima injini ikiwa ya moto, toa ufunguo, halafu izungushe feni kwa kusukuma panga lake kwa mkono. Inatakiwa ikatae, iende kidogo isimame. Ikizunguka yenyewe kwa raha, klachi imekwisha. Angalia pia kama kuna vumbi lililoshikana na mafuta kuzunguka kitovu chake, hiyo ni silikoni imevuja. Wapo wanaoifunga kwa bolti ili izunguke muda wote. Itapoza, sikatai, lakini itakula nguvu na dizeli, na ukivuka dimbwi refu panga zinaweza kujikunja zikakwangua rejeta. Na lile koti la plastiki linalozunguka feni lisivuliwe "ili hewa ipite". Bila koti feni inavuta hewa ya pembeni, siyo ya rejeta.

Rejeta yenyewe ina kuziba kwa aina mbili. Nje: ukipita Usangu wakati wa kiangazi unarudi na mbegu za nyasi, wadudu na vumbi, na vyote hukaa kati ya kondensa ya AC (ile kama rejeta nyembamba iliyo mbele) na rejeta, mahali usipoona ukisimama mbele ya gari. Chomeka tochi kwa juu uchungulie. Osha kwa maji ya mpira wa kawaida, ukielekeza kutoka upande wa injini kwenda mbele. Mashine za presha za kuoshea magari zinalaza mapezi yake, na pezi lililolala halipitishi upepo. Ndani: washa gari mpaka ipate moto, zima, kisha pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta bila kuligusa panga. Joto linatakiwa lipungue taratibu kutoka inakoingilia maji kwenda inakotokea. Ukikuta eneo la baridi katikati, vimirija vya hapo vimeziba. Rejeta ya shaba, fundi rejeta anaweza kufungua tanki akaisukua akachomea tena. Ya aluminiamu yenye matanki ya plastiki, nunua nyingine.

Kuziba kwa ndani mara nyingi ni matunda ya kujaza maji ya mto au ya bomba miaka nenda rudi. Tumia kulanti (dawa ya maji ya rejeta), nusu kwa nusu na maji safi. Mlio Tukuyu mna mvua ya kutosha, kingeni ya bati lililokwisha kusafishwa na mvua za mwanzo. Wa mjini nunueni maji yasiyo na chumvi (distilled) ya kuongezea betri. Soma chupa, maana dukani asidi nayo huitwa maji ya betri.

Themostati: usiruhusu itolewe itupwe. Najua ndiyo dawa ya kwanza gereji nyingi. Themostati nyingi za dizeli za Toyota zina kisahani cha chini ambacho, ikifunguka, kinaziba njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na ukiwa mlimani ndipo unapoumia. Halafu Juni na Julai huku kwetu injini haitapata moto hata ufike Mbalizi. Ukiishuku, itumbukize kwenye sufuria ya maji, pasha moto, uone kama inafunguka. Isipofunguka, weka mpya.

Gasketi ndiyo ya mwisho, na ina dalili zake. Asubuhi, injini baridi, washa huku umeshika hozi ya juu. Ikiwa ngumu ndani ya dakika moja au mbili, wakati maji bado ya baridi, hiyo ni presha ya silinda imeingia kwenye maji. Mapovu yasiyokoma kwenye chupa ya akiba yanasema hivyo hivyo. Ila moshi mweupe wa asubuhi usikutishe, Mbeya kwenye baridi kila gari inatoa mvuke. Hata ute mweupe chini ya mfuniko wa oili unaweza kuwa unyevu tu wa safari fupi fupi. Vuta kijiti cha oili: ukikuta oili yenyewe imegeuka rangi ya chai ya maziwa, hapo kweli kuna kazi. Hedi ikishuka, ipelekwe ikapimwe nyufa kwa presha na unyoofu wake kwa rula ya chuma. Fundi anayebadilisha gasketi bila kupima hedi anakurudisha kwake baada ya muda mfupi.

Ukishajaza maji upya, toa hewa. Egesha pua ikiangalia juu, kwa bahati vilima tunavyo, fungulia hita mpaka mwisho, acha mfuniko wazi injini ikiwa baridi, washa, na uibonyebonye hozi ya juu huku ukiongeza kidogo kidogo. Hita ikitoa hewa baridi wakati sindano inapanda, bado kuna hewa ndani, au maji hayatoshi.

Barabarani, ukiwa Kitonga au zile kona 57 za Chimala kwenda Matamba, shusha gia mapema kuliko kung'ang'ania gia kubwa injini ikikoroma. Ya otomatiki, zima O/D (overdrive, gia ya juu kabisa), kwa sababu mafuta ya gia yanapozwa ndani ya rejeta hiyo hiyo. Sindano ikiondoka mahali pake, zima AC, fungulia hita, tafuta pa kuegesha, weka pembetatu. Kama maji bado yamo, iache ingurume bila kukanyaga mafuta dakika mbili ndipo uzime. Kama yanamwagika au mvuke umetanda, zima papo hapo. Mfuniko usiguswe mpaka uweze kuishika hozi ya juu bila kuungua, na maji ya baridi yasimwagwe kwenye injini ya moto, hata konda wa lori jirani akikuhimiza. Ikipoa, jaza, washa, shika hozi. Ikikaza tena kabla injini haijapata moto, zima na utafute gari ya kukuvuta.