Sauti ya Laptopu Inapokwaruza Kwenye Simu ya Vidio: Ninavyotafuta Kosa Hapa Lamu

Mama mmoja wa mtaa wa Langoni aliniletea laptopu ameifunga kwa leso. Akaniambia, “Mwanangu, mashine haina neno. Nitafutie spika kubwa tu, masikio yangu yamekwisha.” Mwanawe yuko Muscat, na kila Ijumaa baada ya swala huzungumza kwa vidio. Kwa miezi mitatu alikuwa akimsikia kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. Nilimketisha, nikabadilisha kitu kimoja, nikampa asikilize. Masikio yake yalikuwa mazima kabisa.

Ndiyo maana naandika. Mtu mzima anajiona kiziwi, mwingine anatoa pesa kununua hedifoni mpya, na kosa liko mahali ambapo pesa haihitajiki. Nitafuata mpangilio uleule ninaoutumia mezani kwangu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, kisha jaribu. Ukibadilisha vitatu pamoja, hutajua kilichoponya ni kipi. Na hatua mbili za mwanzo usiziruke.

Hatua ya 1: Nani anasikia vibaya?

Wewe unawasikia wao vibaya, au wao ndio wanaokusikia wewe vibaya? Ukimsikia mmoja tu anakwaruza na wengine wako sawa, kosa ni la kwake. Hakuna utakachobadilisha Lamu kikatengeneza maiki iliyoko Jeddah. Ukiwasikia wote vibaya, angalia spika zako, hedifoni au mtandao wako. Wote wakikulalamikia wewe, anza na maiki.

Kisha sikiliza sauti yenyewe ilivyo. Mkwaruzo mkavu, kama mtu anakanyaga kokoto, mara nyingi ni maiki iliyofunguliwa kupita kiasi au waya mbovu. Silabi zinazovutika kama roboti kisha zikakatika, huo ni mtandao. Sauti nyembamba ya mtungini ni Bluetooth. Mvumo usiokoma ni umeme.

Hatua ya 2: Jirekodi bila intaneti

Zima Wi-Fi. Fungua programu ya kurekodi iliyokuja na mashine, soma kitu kwa nusu dakika kwa sauti yako ya kawaida, halafu jisikilize. Kisha cheza wimbo au mawaidha yaliyomo ndani ya laptopu, ujue na upande wa kusikiliza. Sauti ikiwa mbovu hapa, kosa liko ndani ya mashine au kwenye kifaa ulichochomeka, basi endelea na hatua ya 3. Ikiwa safi, nenda moja kwa moja hatua ya 6, ila kama unatumia hedifoni za Bluetooth pitia kwanza hatua ya 4. Jaribio hili la dakika mbili limeniokolea saa nyingi kuliko kifaa chochote nilicho nacho.

Hatua ya 3: Punguza maiki

Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, kisha ingia sehemu ya “Recording”. Bofya maiki yako mara mbili, fungua “Levels”. Ukikuta “Microphone Boost” imepandishwa, irudishe sifuri, na kiwango chenyewe kiweke kati ya 70 na 80. Maiki ni kama ndoo: sauti ikifika ukingoni, inayozidi inamwagika. Vilele vya sauti hukatwa, na kilichokatwa hakuna programu itakayokirudisha.

Ukiwa papo hapo, fungua “Advanced” uweke 48000 Hz, yaani mara ambazo mashine inaipima sauti kwa sekunde. Fanya hivyo pia kwa spika, kwenye “Playback”. Muziki wa CD ulipangwa kwa 44100, vidio na simu nyingi hutumia 48000, na mashine ikilazimika kugeuza huku na kule kila sekunde, nyingine hutoa vimkwaruzo. Kwenye Mac utapata mambo haya katika “Audio MIDI Setup”.

Zima pia “Audio enhancements”. Zoom, Teams na Google Meet tayari zina uwezo wao wa kuchuja kelele. Ukiwa na wachujaji wawili juu ya sauti moja, wanaanza kuyala maneno yenyewe.

Hatua ya 4: Bluetooth

Hapa ndipo palipokuwa na ugonjwa wa yule mama. Mjukuu wake alimletea hedifoni nzuri za Bluetooth, na kwa kusikiliza Kurani zilikuwa safi. Simu ikianza tu, sauti inakuwa ya mtungini. Yeye akadhani kijana anasema vibaya, kisha akadhani ni masikio.

Kinachotokea ni hiki. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili. Moja ni ya kusikiliza peke yake, nayo ni pana na ina stereo. Nyingine ni ya kuzungumza, inabeba maiki na spika pamoja, nayo ni nyembamba. Programu ya simu inapoiita maiki ya hedifoni, kila kitu kinahamia njia nyembamba. Sauti inachukuliwa mara 8,000 kwa sekunde, au 16,000 kwa vifaa vya karibuni zaidi. Kwa 8,000, hakuna mlio wowote uliozidi 4,000 Hz (mitetemo 4,000 kwa sekunde) unaopita, na herufi kama s na f hutofautiana hukohuko juu. Ndipo “saa” na “faa” zikawa kitu kimoja.

Dawa yake: kwenye programu ya simu, chagua hedifoni kuwa spika, lakini maiki chagua ile ya laptopu yenyewe. Hedifoni zinarudi njia pana. Ukiona majina mawili ya hedifoni moja, lenye neno “Hands-Free” ndilo la njia nyembamba. Vifaa vipya vyenye LE Audio, aina mpya ya sauti ya Bluetooth, vimeanza kuondoa tatizo hili, ila lazima laptopu na hedifoni zote mbili ziwe nayo.

Mama alivyosikia “Asalaam aleikum, mama” ikiwa safi, alinyamaza kidogo, kisha akamwambia mwanawe arudie.

Hatua ya 5: Waya, tundu na chumvi

Sisi tunaishi ndani ya hewa ya bahari. Kusi ikivuma, hata ndani ya nyumba ukipangusa meza unahisi chumvi kidoleni. Itazame pini ya hedifoni kwenye mwanga: ukiona ukungu wa kijani au weusi karibu na pete, hiyo ni kutu. Mimi hulowesha kitambaa kisichotoa nyuzi kwa spiriti safi ya isopropili, naizungusha pini mpaka kitambaa kisibadilike rangi, naiacha ikauke, kisha naichomeka na kuichomoa mara kumi hivi ili isugue tundu. Laptopu iwe imezimwa. Usimimine kitu tunduni, na sindano usiitie.

Hesabu pia pete nyeusi za pini. Zikiwa tatu, hedifoni ina maiki. Zikiwa mbili, ni ya kusikiliza tu.

Kuna mvumo? Chomoa chaja uendelee kwa betri. Mvumo ukinyamaza papo hapo, umeme unaingia kwenye sauti, mara nyingi kwa sababu soketi au ekstensheni haina waya wa ardhi. Jaribu soketi nyingine, au piga simu zako kwa betri.

Hatua ya 6: Kuta za mawe na mtandao

Sauti yako husafiri kwa vipande vidogo, kwa kawaida milisekunde 20 kila kimoja. Kikipotea kimoja, programu inakisia pengo. Vikipotea vingi mfululizo, ndiyo ile sauti ya roboti.

Nyumba zetu za kale zina kuta za mawe ya matumbawe zenye unene wa karibu nusu mita. Ruta, kile kisanduku kinachotoa Wi-Fi, ikiwa darini na wewe uko chumba cha ndani kabisa, Wi-Fi inapita kuta mbili tatu, na ile ya 5 GHz huchoka mapema kuliko ya 2.4 GHz. Kabla hujamlaumu anayekuuzia bando, pima. Fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri kwenye Windows, andika ipconfig, nakili namba ya “Default Gateway”, hiyo ni ruta yako. Kisha andika ping -n 50 na namba hiyo. Amri hii hutuma vipande 50 na kupima muda wa kila kimoja kwenda na kurudi. Muda ukiruka kutoka milisekunde 2 hadi 300, au vipande vikipotea, kosa limo nyumbani mwako. Sogea hadi kiwandani (ua wa ndani ya nyumba) au karibu na daka (baraza la mlangoni), upime tena. Ruta ikiwa sawa, pima ping -n 50 8.8.8.8, namba ya Google iliyoko nje kwenye intaneti. Hapo ikiharibika, ndipo uzungumze na mtoa huduma.

Nafuu ya kudumu ni waya wa mtandao. Upitishe mlangoni au dirishani. Mji wetu umo katika Urithi wa Dunia tangu 2001, nakuomba usitoboe ukuta wa kale kwa ajili ya waya. Kwa haraka, zima kamera: sauti inahitaji sehemu ndogo tu ya kile vidio inachokula.

Kuta hizohizo, na chokaa na zidaka zake (vishubaka vya ukutani), hurudisha mwangwi. Vaa hedifoni, tandika mkeka, tundika leso nyuma yako. Na simu ya mkononi isiwe kwenye mkutano uleule chumba kimoja na laptopu.

Hatua ya 7: Mashine iliyochoka

Sauti ikianza vizuri kisha ikaharibika baada ya dakika kumi, gusa chini ya laptopu. Ikiwa moto, mara nyingi feni imejaa vumbi na mashine inajipunguza kasi. Funga programu nyingine, iinue ipate hewa, na uipeleke isafishwe.

Hatua ya 8: Azima hedifoni ya USB

Zote zikishindikana, azima, usinunue. Hedifoni ya USB ina kadi yake ya sauti, haipiti kwenye tundu la laptopu wala saketi zake za sauti. Ikisikika safi, tundu au saketi hiyo ndiyo mbovu, na fundi ataweza kuibadilisha. Ikiwa bado mbovu, rudi hatua ya 6 na upime tena usiku, watu wakiwa wamelala.