Bustani ya mtoto mwenye usonji: abebe kwanza, apande baadaye

Wazazi wengi wakimwanzishia bustani mtoto mwenye usonji, au yule asiyetulia, huanza kwa kumpa mbegu. Hapo ndipo panapoharibika. Mbegu inataka vidole vitulivu na subira, naye bado anarukaruka. Kazi ya kubeba, kusukuma na kuvuta hushughulisha misuli na viungo, na watoto wengi wa aina hii hutulia baada yake.

Mpe kidumu chenye maji yasiyozidi sehemu ya kumi ya uzito wake. Mwenye kilo 20 abebe lita 2. Aende bombani na kurudi kwenye tuta mara nne au tano, kisha asaidie kusukuma toroli lenye samadi kidogo iliyooza vizuri. Dakika kumi zinatosha. Sasa mpe mbegu.

Tuta lisizidi upana wa mita moja, afikie katikati bila kukanyaga. Panda maharage: punje yake inashikika, na hata kwenye baridi ya Mbeya huchomoza ndani ya wiki mbili hivi. Tumia ya kula kutoka jikoni. Mbegu za dukani zenye rangi kali zimepakwa dawa, na mtoto anayetia vitu mdomoni hazimfai kabisa. Viazi mviringo vina raha yake wakati wa kuchimbua, ila miezi mitatu na zaidi ni mingi mno kwa zao la kwanza.

Juni na Julai msitoke kabla ya saa nne. Umande unalowesha soksi, na soksi mbichi kwa baadhi yao ni mateso, wala si deko. Wakati wa mvua tokeni asubuhi, kwa kuwa radi huja zaidi mchana, na kagueni siafu kabla hajachuchumaa.

Akikataa kugusa udongo, mpe kijiko cha zamani. Kumshika mkono kwa nguvu kunamfanya aichukie bustani yenyewe. Chora kwenye kadibodi kidumu, mbegu na beseni la kunawa, afunike kila picha kazi yake ikiisha, ajue mwisho uko wapi. Akiziba masikio au kuanza kukimbia, acheni hapo hapo, hata kama tuta ni nusu. Kisima na pipa la maji vifunikwe: wapo wanaovutwa sana na maji, na hukimbilia huko kimya kimya.